Somo la robo mwaka: Wazee wetu wa Kanisa na suala la kung'atuka



Somo la toleo hili linahusu swali ambalo waamini wengi huliuliza kwa sauti ya chini: je, askofu au paroko aliyezeeka aachie ofisi, au abaki hadi Mungu atakapomwita? Wengine huona kuuliza hivyo ni kumkosea mzee adabu. Sisi hatuoni hivyo. Kanisa lenyewe limekwisha kulijibu swali hili kwa sheria zake, na jibu lake linatuachia kazi sisi tunaosimamia visima, zahanati, shule na mashamba ya parokia. Tulisome taratibu.

1. Sheria ya Kanisa inasema nini?

Zamani askofu kwa kawaida aliendelea na ofisi hadi kufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliwaomba maaskofu waliozidiwa na umri au ugonjwa waombe wenyewe kupumzika. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alitaja umri wenyewe, yaani miaka 75. Mwaka 1970 akaamua pia kwamba kardinali aliyetimiza miaka 80 hapigi tena kura ya kumchagua Papa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimeyapanga mambo haya hivi:

- Kanuni ya 401: askofu akitimiza miaka 75 anaombwa kumwandikia Papa barua ya kujiuzulu. Akiwa mgonjwa asiyeweza kazi, anaombwa kwa msisitizo afanye hivyo hata kabla ya umri huo.
- Kanuni ya 538: paroko naye akifika 75 anaombwa kumwandikia askofu wake. Askofu ndiye anayeamua, na ni lazima aangalie matunzo na makao ya padre huyo.
- Kanuni ya 402: askofu mstaafu ana haki ya kutunzwa kwa heshima, na jimbo alilolitumikia ndilo lenye wajibu wa kwanza.
- Kanuni ya 624: wakuu wa mashirika ya watawa huongoza kwa muda maalumu.

Tuangalie vizuri neno "anaombwa". Mzee anaandika barua, lakini mwingine ndiye anayeamua. Hang'ang'anii ofisi, wala haitupi. Anaonyesha kwamba ofisi ni dhamana, si mali yake.

2. Mifano ya kwetu

Watanzania tunalijua vizuri neno "kung'atuka". Mwalimu Nyerere, mwamini Mkatoliki, alilipa uzito mwaka 1985 alipouacha urais, na mwaka 1990 akauacha pia uenyekiti wa chama.

Ndani ya Kanisa, Kardinali Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, aliliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam hadi mwaka 1992, akiwa na miaka 80. Lakini hakuondoka ghafla. Tangu mwaka 1990 alikuwa na Askofu Mkuu Mwandamizi, Polycarp Pengo, aliyejifunza kazi akiwa kando yake. Ilipofika zamu ya Kardinali Pengo, njia ilikuwa ile ile. Askofu Mkuu Ruwa'ichi aliteuliwa kuwa mwandamizi wake mwaka 2018. Kardinali Pengo alitimiza miaka 75 tarehe 5 Agosti 2019, na tarehe 15 mwezi huo huo Papa akakubali ombi lake la kustaafu.

Huko Kenya, Kardinali Maurice Otunga alistaafu mwaka 1997, akaenda kuishi katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista mjini Nairobi, pamoja na wazee maskini. Alifariki mwaka 2003. Hakuna aliyesema kwamba heshima yake ilipungua.

Jimbo letu la Tanga, ambalo Handeni na Korogwe zimo ndani yake, lina fundisho lake. Askofu Anthony Banzi aliteuliwa mwaka 1994, akafariki Desemba 2020 akiwa na miaka 74. Umri wa kuandika barua ulikuwa haujafika. Jimbo lilikaa bila askofu hadi alipoteuliwa Askofu Thomas Kiangio mwaka 2023. Katika kipindi kama hicho jimbo huwa na msimamizi, na sheria inamtaka asianzishe mageuzi. Hivyo maandalizi ya makabidhiano yasisubiri miaka 75. Kifo hakingoji barua.

3. Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaosema: penye wazee haliharibiki neno, kwa nini tuwaondoe? Tena Papa Yohane Paulo II alibaki hadi kifo chake mwaka 2005, akiwa na miaka 84, na ulimwengu ulijifunza uvumilivu kutoka katika ugonjwa wake. Hoja hii ina uzito. Lakini Papa Benedikto XVI, aliyeyaona hayo kwa karibu, alijiuzulu Februari 2013 kwa sababu ya kupungukiwa nguvu, akaishi katika sala hadi mwisho wa mwaka 2022. Papa Fransisko alibaki hadi alipofariki Aprili 2025, akiwa na miaka 88, lakini alikwisha kusaini barua ya kujiuzulu mapema, itumike endapo ugonjwa ungemzuia kufanya kazi.

Maoni yetu ni haya: hekima ya mzee haihitaji funguo za ofisi. Anaweza kuungamisha, kushauri na kuwalea mapadre vijana. Kutembelea vigango vya mbali wakati wa masika, kusaini hundi na kufuatilia mafundi ni kazi ya mwenye nguvu.

4. Kazi yetu sisi kamati

Mzee asiye na pa kwenda hang'atuki kwa amani. Padre wa jimbo hana mke wala watoto wa kumtunza. Tukimwacha aogope uzee, tusimlaumu akiikumbatia ofisi. Aidha, mradi unaojulikana na mtu mmoja huondoka naye. Kwa hiyo kamati za upande wa Masuguru, na kwingineko Handeni na Korogwe, zianze na haya:

a) Kamati ya fedha ya parokia iwe hai. Kanuni ya 537 inaidai katika kila parokia.
b) Orodha ya mali iandikwe na kusainiwa: viwanja na hati zake, mashine, pikipiki, mifugo.
c) Watia saini benki wawe zaidi ya mmoja, na nakala za mikataba ya miradi zikae ofisini, si katika begi la mtu.
d) Wafadhili waandikiane na ofisi ya parokia pamoja na kamati, si na paroko peke yake.
e) Parokia ichangie matunzo ya mapadre wazee kila mwaka kupitia jimbo, hata kama kiasi ni kidogo.

Ndugu wafadhili, nanyi tunawaomba: mnapopitisha bajeti ya kisima, ulizeni pia nani atakayejua habari zake paroko akihamishwa au akistaafu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Paroko wetu akiugua leo, ni mambo gani ya miradi ambayo hakuna mwingine anayeyajua?
2. Orodha yetu ya mali iliandikwa lini mara ya mwisho?
3. Tumefanya nini kwa ajili ya mapadre na watawa wazee waliotuhudumia?
4. Je, sisi wenyewe, wenyeviti na makatibu wa kamati, tumeandaa wa kutupokea?

Swali la nne lisirukwe. Musa alimweka Yoshua mbele ya watu wote angali hai, nasi hatuwezi kudai kwa askofu kile ambacho mwenyekiti wa kigango hataki kukifanya. Tunawatakia majadiliano mema.