Amplifaya ya Zamani Ikivuma Baada ya Matengenezo: Mwongozo kwa Mafundi wa Mundika, Busia na Malaba

Amplifaya au redio ya zamani ikitoka mezani kwako na kelele ambayo haikuwa nayo ilipoletwa, anza na ulichokigusa. Kagua kila ulipolehemu. Kiungo kibovu mara nyingi huwa cha kijivu kisichong'aa, na ukikigonga taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, spika hukwaruza. Kilehemu upya kabla ya kununua kipuri.

Kisha shusha volyumu hadi mwisho. Kelele ikibaki vilevile, chanzo kiko baada ya volyumu, mara nyingi kwenye pawa saplai. Ikitoweka, chunguza waya wa kuingizia sauti au kichwa cha kaseti. Ikikwaruza wakati wa kuzungusha tu, volyumu imeingia vumbi. Isafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya elektroniki, si mafuta ya taa.

Mvumo unataka sikio. Stima ya Kenya, sawa na ya Uganda, ni ya hertzi 50. Mvumo mzito wa hertzi 50 huelekeza kwenye nyaya: ngao ya waya wa sauti imekatika, au ethi imezunguka kupitia njia mbili. Kwenye santuri, hakikisha ule waya mwembamba wa ethi umefungwa kwenye skrubu ya amplifaya, husahaulika sana. Mvumo wa hertzi 100, wenye ukali zaidi, kwa kawaida ni kapasita kubwa za kuchuja zilizokauka. Weka zenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za awali, chanya na hasi mahali pake. Kabla ya kuzigusa, chomoa plagi, ziondolee chaji kwa rezista, kisha pima kwa mita. Kwenye redio za valvu, chaji iliyobaki inaweza kuua.

Usikate kamwe waya wa ethi kwenye plagi ili kunyamazisha mvumo. Mvumo huenda ukaisha kweli, lakini trafo ikivuja, boksi zima la chuma hushika stima, na atakayeligusa ni mwimbaji wa kwaya mwenye maikrofoni mkononi. Badala yake, chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kisha utafute waya wenye kasoro. Na kifaa kikiletwa na ethi iliyokatwa, irudishe kabla hujakikabidhi, hata kama mteja hakukuomba.