SOMO KWA MAKATIBU: KUPANGA SAFARI KWA RATIBA YA MABASI YA MJINI

Katibu wa chama cha msingi apelekaye hesabu za chama Dar es Salaam aghalabu husafiri salama mamia ya kilomita, kisha akaipoteza siku nzima ndani ya jiji. Hasara hiyo hulipwa na wanachama: posho ya siku ya pili, na pengine mkopo wa pembejeo unaosubiri sahihi ilhali mvua imekwisha anza.

Kosa la kwanza hutokana na saa. Ratiba huhesabu saa 24 tangu usiku wa manane, bali Mswahili huhesabu tangu macheo. Kwa hiyo kuanzia 07:00 hadi 18:00 hutolewa sita. Baada ya hapo, hadi usiku wa manane, hutolewa kumi na nane. Barua isemayo 10:00 yamtaka katibu saa nne asubuhi. Akiisoma kuwa ni saa kumi, atakuta ofisi za serikali zimefungwa, maana kazi huisha 15:30, yaani saa tisa na nusu alasiri.

Pili, safari hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa ya miadi. Tuchukue mfano wa katibu aliyeshuka katika kituo cha mabasi cha Mbezi, mwenye miadi saa nne asubuhi karibu na Kivukoni. Tuseme kutembea kutoka kituoni ni dakika 10. Basi la mwendokasi kutoka Kimara dakika 50. Kukata tiketi dakika 10. Daladala ya Mbezi hadi Kimara dakika 25. Bado kungoja. Ratiba ikisema basi hupita kila dakika 15, zihesabiwe zote 15, si nusu yake, kwani huenda basi limeondoka sasa hivi. Daladala haina ratiba, huondoka ikijaa. Nayo ipewe 15. Jumla ni dakika 125, hivyo katibu awe kituoni Mbezi saa moja na dakika 55. Siku ya mvua haifai kuamini hesabu hiyo bila nyongeza.

Kibao cha mbele ya basi nacho kisomwe. Tangu huduma ya mwendokasi ianze mwaka 2016, mabasi ya Kimara yaendayo Kivukoni na yaendayo Gerezani hupita njia moja hadi Fire, ndipo huachana. Aliyepanda la Gerezani kwa makosa hana haja ya kufadhaika. Ashuke Fire, angoje la Kivukoni. Yapo pia mabasi yarukayo vituo. Anayeshuka kituo kidogo aulize kabla ya kupanda.

Safari ya kurudi huhesabiwa vivyo hivyo, kuanzia saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi ya basi la mkoani. Dakika halisi za kila kipande cha njia ziandikwe na kuwekwa katika jalada la safari la chama, apate kuzitumia katibu ajaye.