Unataka Kusomea Huduma kwa Wenye Kiwewe? Uliza Haya Kabla ya Kulipa Ada

Mwanamke aliyebakwa anafika hospitali. Getini mlinzi anamuuliza anaumwa nini. Mapokezi anaulizwa tena, foleni nzima ikisikiliza. Anaambiwa akachukue kwanza fomu ya polisi, PF3, kituoni. Huko anasimulia kaunta, kisha kwa mpelelezi. Akirudi hospitali anasimulia kwa muuguzi, halafu kwa daktari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kumuumiza, na kila mmoja amemuumiza.

Huduma inayozingatia kiwewe inaanzia hapo. Kiwewe ni athari inayobaki mwilini na akilini baada ya tukio lililozidi uwezo wa mtu kulibeba: ubakaji, vita, ajali mbaya, kipigo cha miaka mingi nyumbani. Aliyepatwa nacho huenda akakumbuka tukio vipande vipande, akachanganya saa na siku, akashtuka mlango ukifungwa kwa kishindo, au akakaa kimya kabisa anapoulizwa. Askari asiyejua haya humwona mwongo. Mwalimu humwita mtoto mtukutu, muuguzi huandika kwamba mgonjwa ni mkaidi. Aliyefundishwa huuliza swali jingine: mtu huyu amepitia nini, na sisi tumhudumie vipi tusimrudishe kule?

Mtazamo huu ulijengwa hatua kwa hatua. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliofanywa San Diego, California. Waliona kwamba kadiri mtu mzima alivyokuwa amepitia mateso mengi utotoni, ndivyo alivyokuwa katika hatari zaidi ya kupata magonjwa kama ya moyo, kuwa mlevi na kujaribu kujiua. Mwaka 2001 Maxine Harris na Roger Fallot walipendekeza huduma zote zipangwe kwa kuzingatia kiwewe, kuanzia anayefungua geti. Mwaka 2014 SAMHSA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili, iliweka misingi sita: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa waliopitia hali kama hiyo, ushirikiano, kumpa mtu sauti na nafasi ya kuchagua, na kuheshimu utamaduni, historia na jinsia. Vituo vya Mkono kwa Mkono vya Tanzania, vinavyokusanya tiba, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, vinajibu shida ya mtu kusimulia upya kila mlango.

Sasa kama wewe ni muuguzi, mwalimu, mshauri nasaha, afisa ustawi wa jamii au askari wa dawati la jinsia, na una shahada ya kwanza, huenda unafikiria kusoma zaidi. Milango ni kadhaa: cheti cha muda mfupi baada ya shahada, stashahada ya uzamili, au shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, saikolojia tiba au ushauri nasaha ambayo ndani yake mna masomo ya kiwewe. Jina la kozi lisikuvute sana; tazama kiwewe kinafundishwaje ndani yake. Katika University at Buffalo, jimbo la New York, Shule ya Ustawi wa Jamii imeuingiza mtazamo wa kuzingatia kiwewe, pamoja na haki za binadamu, katika mtaala wake wa uzamili, wala haikuuacha uwe somo moja la kuchagua. Naona huo ndio mpango bora.

Tenganisha mapema mambo mawili. Kuhudumia kwa kuzingatia kiwewe kunamhusu kila mfanyakazi, hata karani. Kutibu kiwewe ni kazi ya mtu aliyefunzwa tiba maalumu na anayesimamiwa. Kozi inayokuahidi kwamba wiki chache zitakufanya tabibu wa kiwewe iache. Iogope pia inayokufundisha kumchimba mtu asimulie kila kitu mara tu baada ya tukio. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 haipendekezi kumsimulisha hivyo kila aliyepatwa na tukio kwa lengo la kuzuia kiwewe. Siku za mwanzo anahitaji usalama, mtu wa kumsikiliza bila kumlazimisha, na kuunganishwa na msaada.

Swali kubwa kuliko yote ni usimamizi. Nani atakaa nawe kila wiki kupitia kazi uliyofanya na watu halisi? Shahada za uzamili za ustawi wa jamii zenye ithibati nchini Marekani hudai saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo. Ukiwa na kipimo hicho mkononi, uliza chuo chako kinatoa saa ngapi, wapi, na chini ya nani. Uzito wa usimamizi unaonekana mashariki mwa Kongo, ambako jaribio lililochapishwa mwaka 2013 liliwatumia wasaidizi wa kijamii, wengine wenye elimu ya sekondari tu, kuendesha tiba ya vikundi kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Miezi sita baadaye, asilimia 9 ya waliopata tiba hiyo walikuwa na dalili za kutosha kuashiria sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopewa msaada wa mtu mmojammoja. Wengine kati ya wasaidizi hao hawakuwa na shahada. Wote walifunzwa, na walisimamiwa kwa karibu.

Usimamizi hukulinda wewe pia. Anayesikiliza mateso kila siku huanza kukosa usingizi, kuota aliyoyasikia, kuwakaripia wanawe, au kufa ganzi mbele ya anayelia. Huo si udhaifu wa imani wala wa tabia. Ni madhara ya kazi yanayojulikana, na kozi makini huyapa vipindi vyake. Kama wewe mwenyewe umepitia kiwewe, na wengi wa wanaochagua kazi hii wamepitia, tafuta msaada wako kabla masomo hayajapamba moto.

Hakikisha chuo kinatambuliwa: Tanzania uliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Kenya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Uganda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo uliza kama cheti chako kitakuwezesha kusajiliwa. Ukisoma kwa mtandao kutoka nje, uliza kama mafunzo kwa vitendo yatafanyika karibu nawe, na watu wanaozungumza lugha unayohudumia.

Kabla ya kulipa ada, iandikie idara uombe muhtasari wa kozi, mpango wa mafunzo kwa vitendo, na maelezo ya nani atakusimamia. Chuo kisichoweza kukupa mambo hayo matatu hakijawa tayari kukufundisha kazi hii.