Chama cha Michezo na Afya ya Kijiji

Mto Suam huanza katika mlima Elgon, na mahali pengine ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Upande mmoja wa mto njia huenda Endebess na Kitale. Upande wa pili huenda Bukwo na Kapchorwa. Nchi hii ya mlima imepata sifa kwa wakimbiaji wake. Stephen Kiprotich, mwenyeji wa Kapchorwa, alishinda mbio za marathoni katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Joshua Cheptegei, wa huko huko, alishinda mbio za mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024.

Sifa hizo ni njema, lakini nishani ya mtu mmoja haimponyi jirani yake. Watu 22 wakicheza kandanda na watu 300 wakitazama, wanaopata faida ya mwili ni wale 22 tu. Tena ikiwa uwanja umezungukwa na taka na madimbwi, wachezaji na watazamaji wote wamo katika hatari ya kuhara na malaria. Basi yafaa tujiulize: chama cha michezo chaweza kufanya nini ili kijiji kizima kipate afya?

Jibu moja lilipatikana Nairobi. Katika mtaa wa Mathare, penye nyumba zilizosongamana na taka nyingi, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kwa jina la MYSA. Kanuni yake ilikuwa ngeni. Timu iliyoshinda mchezo ilipewa alama 3, na timu iliyomaliza kazi yake ya kusafisha mtaa ilipewa alama 6. Kwa hesabu hiyo, timu iliyofungwa uwanjani lakini ikafanya usafi iliweza kuipita timu iliyoshinda na kuacha taka zake zioze. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulikitunukia chama hicho tuzo ya mazingira ya Global 500. Wala mpira haukuharibika: Mathare United, timu iliyozaliwa na chama hicho, ilikuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Sababu ya kufaulu si ngumu kuifahamu. Kijana akiambiwa azibue mtaro kwa ajili ya afya, husema atafanya kesho, maana ugonjwa bado haujabisha hodi. Akiambiwa timu yake itakosa alama 6, hushika jembe leo.

Vijana wa Suam na vijiji vya jirani wanaweza kufanya vivyo hivyo. Mambo haya matano yashikwe:

1. Kamati. Wachaguliwe wanaume na wanawake, mzee mmoja anayeheshimiwa, na mhudumu wa afya wa kijiji. Kanuni za alama zikubaliwe na timu zote kabla ya mchezo wa kwanza, ili ugomvi usizuke baadaye.

2. Kazi. Kila timu ipewe sehemu yake: kufukia madimbwi, kuzibua mitaro, kufyeka njia ya kisimani, au kumchimbia mjane choo. Mtu wa timu nyingine aikague kazi. Watoto wasiguse vioo vilivyovunjika wala sindano zilizotupwa.

3. Siku ya mchezo. Pawepo choo, maji ya kunawa na sabuni, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Mchezaji aliyeumia kichwa asirudishwe uwanjani siku hiyo, hata akisema kuwa hajambo, apelekwe zahanati.

4. Mazoezi kwa wote. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika zisizopungua 150 kila juma, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kila siku. Basi wasichana wapewe zamu yao ya uwanja, na wazee wapewe mchezo wa kuvuta kamba au matembezi ya haraka. Kulima na kwenda sokoni kwa miguu kwahesabiwa pia.

5. Daftari. Alama, fedha na kazi zilizokwisha ziandikwe, na kila mwanachama awe na haki ya kuzisoma.

Chama cha namna hii hakihitaji uwanja wa majani mazuri wala jezi mpya. Chahitaji mpira mmoja, majembe yaliyomo majumbani, na waamuzi wasiopendelea. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wala mtu mmoja hawezi kuondoa uchafu wa kijiji.

Maswali ya kuzungumzwa katika mkutano:
Ni mahali gani kijijini petu panapohitaji kusafishwa kwanza?
Ni nani asiyepata nafasi ya kucheza, na kwa sababu gani?
Ni nani tutakayemwamini kuandika alama?