Mtoto anayeangusha kila kitu si mvivu

Pengine nyumbani kwenu yuko mtoto wa miaka 8 hivi anayeanguka hata mahali pasipo jiwe. Vifungo vya shati anavifunga kombo, maji anayamwaga, na kaye yake ya masomo imejaa maandiko yasiyosomeka. Lakini umuulize somo la jana kwa mdomo, atalijibu lote. Wenziwe wanamcheka, mwalimu anamwita mvivu, baba anashika fimbo.

Waganga wanaijua shida hiyo, wanaiita dispraksia. Misuli ina nguvu, akili ni nzima, lakini ubongo unapata taabu kupanga mwendo wa mikono na miguu. Inapatikana kwa watoto 5 ao 6 hivi katika 100, wavulana kupita wasichana. Fimbo haiponyeshi mkono. Inamfundisha tu kuchukia masomo.

Baba, wewe wa mgodini unajua namna ya kufundisha mtumishi mpya. Haumpi mashini ya kutoboa mwamba siku ya kwanza na kumfokea. Unamwonyesha jambo moja, analifanya mbele yako, analirudilia mpaka mkono uzoee, ndipo mnakwenda kwa la pili. Fanya vile vile kwa kamba za viatu. Dakika 10 kila jioni zinafaa kuliko saa mbili za siku ya yenga.

Kuandika ndiko kunakomtesha zaidi. Tazama kwanza anavyoketi: miguu ikining'inia, mwili unayumba na mkono hautulii. Weka tofali chini ya nyayo zake. Zungushia kalamu kitambaa kidogo ili vidole vishike vizuri. Kisha nenda kwa mwalimu, kwa heshima, si kwa ugomvi. Umwombe amketishe karibu na ubao, ampunguzie mistari ya kunakili, na masomo mengine amwulize kwa mdomo. Mwalimu mwenye watoto 50 katika kalasi hawezi kuyajua hayo pasipo kuambiwa.

Nyumbani msimnyime kazi. Mama, mpe ndoo ya nusu, si ya kujaa.

Munganga amwone pia, ampime na macho. Lakini mtoto aliyekuwa akitembea ao kuandika vizuri, na sasa anaanza kuanguka ao mkono unalegea, huyo ana jambo lingine. Msingojee kesho, mpelekeni lopitali siku ileile.