Madaraja ya Kutisha na Madaraja ya Hatari

Katika somo la mwezi huu twataka kufundishana habari za madaraja. Labda mtu atauliza: Daraja lina nini hata lipewe somo zima? Twamjibu kwamba sisi tukaao Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, hukumbushwa jambo hili kila masika. Mto Simiyu, na Duma uingiao ndani yake, na Mbalageti, wakati wa kiangazi huwa na maji machache, na mahali pengine ni mchanga tu. Lakini mvua ikinyesha huko juu upande wa Serengeti, maji hushuka kwa ghafula, hata mahali ambapo jua lawaka. Basi mtoto atokaye shuleni, na mama atokaye sokoni, na mchungaji mwenye ng'ombe wake, wote hufika ukingoni na swali moja: Tuvuke, au tusivuke? Naye ajibuye vibaya pengine hapati nafasi ya kujibu tena.

Neno kuu la somo letu ni hili: kitu kitishacho si lazima kiwe kitu cha hatari, na kitu cha hatari mara nyingi hakitishi hata kidogo. Asiyejua kuyatenga mambo haya mawili huogopa mahali pa salama, akatembea bila hofu mahali pa mauti.

1. Madaraja yatishayo macho

Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara pana njia ya madaraja ya kamba yaliyofungwa kati ya miti mirefu. Mgeni akanyagapo mara ya kwanza huona yakicheza chini ya miguu yake, naye hushika kamba kwa mikono miwili. Huko Zhangjiajie katika nchi ya China, mwaka 2016 lilifunguliwa daraja ambalo sakafu yake ni kioo. Urefu wake ni kama meta 430, na bonde lililo chini yake lina kina cha meta 300 hivi. Watu wengine hufika katikati, wakatazama chini, wakaketi kwa hofu wasiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Kwa nini mwili huogopa? Maana macho huona shimo, na miguu husikia sakafu ikitikisika, wala akili haipati nafasi ya kusema neno. Lakini kutikisika peke yake si ubovu. Daraja lining'inialo kwa kamba limefanywa licheze kidogo, kama mti upindao katika upepo usivunjike.

Tutazame daraja moja la Peru, katika Amerika ya Kusini, liitwalo Q'eswachaka. Limesukwa kwa majani makavu, nalo laning'inia juu ya Mto Apurímac, upana wa meta 28 hivi. Mtu wa kwetu akiliona atasema, Hili ni kaburi. Lakini wenyeji wa vijiji vinne hukusanyika kila mwaka mwezi wa Juni, kila nyumba ikileta kamba yake, nao hulikata daraja la zamani na kusuka jipya. Hivyo wamefanya kwa mamia ya miaka. Ulipokuja ugonjwa wa korona kazi ile ilisimama, na mwezi wa Machi 2021 daraja likakatika. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wakalisuka tena. Basi twaona kwamba lililowalinda watu si ugumu wa majani, bali mikono iliyoyafanya upya kila mwaka. Wazee wetu walisema vema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

2. Madaraja yaliyoaminiwa, yakaanguka

Mwaka 1850 katika mji wa Angers, nchi ya Ufaransa, kikosi cha askari kilikuwa kikivuka daraja la kamba za chuma wakati wa tufani. Daraja likakatika, na askari zaidi ya 200 wakafa. Mafundi walipochunguza waliona kwamba kamba zilizofukiwa ndani ya saruji zimeliwa na kutu. Nje hapakuwa na dalili. Ubovu ulikuwa mahali pasipoonekana.

Mwaka 1879, usiku wa tarehe 28 Desemba, daraja la reli juu ya Mto Tay katika Scotland lilianguka kwa dhoruba, pamoja na gari la moshi lililokuwa juu yake. Hakupona hata mmoja wa waliokuwamo. Daraja lile lilikuwa jipya, nalo lilisifiwa sana. Lakini lilipojengwa nguvu ya upepo haikuhesabiwa ipasavyo, na chuma chake kilikuwa na kasoro.

Mambo haya si ya zamani tu. Tarehe 30 Oktoba 2022 katika mji wa Morbi, nchi ya India, daraja la kamba lilikatika siku chache tu baada ya kufunguliwa tena kutoka matengenezo, na watu zaidi ya 130 wakafa, na watoto wengi miongoni mwao. Kutu ilikuwa imekula waya nyingi za kamba kuu, tena watu waliingizwa juu yake bila hesabu. Na karibu nasi zaidi, huko Sigiri katika Kenya, mwezi wa Juni 2017, daraja jipya la Mto Nzoia lilianguka kabla halijamalizika kujengwa, siku chache baada ya Rais wa nchi kulikagua. Kukaguliwa na mkubwa si sawa na kupimwa na fundi.

3. Adui watatu wa daraja

Kila daraja lina adui watatu.

Wa kwanza ni uzito. Daraja hubeba uzito wake lenyewe, tena na uzito wa wapitao. Fundi huhesabu kiasi, akaongeza nguvu ya akiba. Lakini akiba hiyo ni kwa ajili ya yale yasiyotazamiwa, wala si ruhusa ya kupakia zaidi. Sisi watu wa ziwa twalijua jambo hili kwa machozi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kilikuwa kimechukua watu wengi kupita kiasi chake.

Wa pili ni kutikiswa. Mtoto akisukumwa kwenye bembea kwa kipimo kile kile cha mwendo wake, huenda juu zaidi na zaidi, ingawa kila msukumo ni mdogo. Ndivyo na daraja: upepo, au miguu ya watu wengi ikanyagayo pamoja, huweza kuliongezea mtikiso hata lichoke. Kwa sababu hiyo askari huamriwa kuacha kwenda kwa hatua moja wavukapo daraja.

Wa tatu ni maji, naye ndiye adui mkubwa katika nchi yetu. Maji hayasukumi nguzo tu, bali huzunguka miguu yake na kuchimba udongo. Sakafu juu yaweza kuwa nzima, na chini msingi umekwisha kuwa mtupu. Kwa hiyo daraja lililopitwa na mafuriko makubwa lisiaminiwe mpaka limetazamwa chini yake, si juu tu.

4. Hatari iliyo karibu nasi

Ndugu zetu, daraja la kioo la China halitamwua mtu wa Nassa. Lililo karibu nasi ni ile njia ya saruji iliyolazwa chini kuvuka mto, au kalvati ndogo, ambayo siku zote twaipita bila kuiangalia. Haina urefu wala kina. Haimtishi mtu. Lakini mto ukijaa, maji hupita juu yake, nayo hupotea machoni.

Tarehe 4 Desemba 2021 huko Mwingi katika Kenya, basi lililochukua waimbaji wa kwaya na jamaa zao lilikuwa likienda arusini. Lilifika Mto Enziu, na maji yalikuwa yakipita juu ya njia. Watu wengi walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Basi likaingia majini, likasukumwa kando, likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Njia ile waliijua, na safari yao ilikuwa ya furaha. Hapakuwa na shimo la kutisha mbele yao, ila maji tu.

Tujifunze hesabu ya maji. Mwendo wake ukiwa mara mbili, nguvu yake haiwi mara mbili, bali mara nne. Maji yafikayo magotini, yakienda kasi, humwangusha mtu mzima. Na yafikapo kiasi cha nusu meta huweza kuliinua gari na kulichukua. Tena maji yenye tope huficha shimo. Aliyevuka jana hajui kama njia ingaliko leo.

5. Tufanyeje?

Kwanza, maji yakipita juu ya njia, tusivuke, hata dereva akisema anaijua njia, hata mwingine akiwa amevuka mbele yetu. Abiria ana haki ya kushuka. Kawia ufike.

Pili, wazazi na walimu wapatane kabla ya masika: mto ukijaa, watoto walale nyumba gani ng'ambo? Mtoto ajuaye kwamba hatapigwa kwa kuchelewa hatajitupa majini.

Tatu, wazee wa kila kijiji wayatazame madaraja yao ya miti na ya mbao mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake. Wachome mbao kwa ncha ya kisu. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Ufa ukionekana katika daraja la serikali, habari ipelekwe upesi, kwa barua.

Nne, mtu asing'oe chuma wala msumari wa daraja kwenda kuuza. Thamani yake sokoni ni ndogo, na deni lake ni roho za watu.

Tano, mtu apitaye daraja litishalo lakini imara, atazame ng'ambo aendako, si chini. Aende polepole, wala asimcheke mwenzake aogopaye.

Twamaliza kwa jambo la kushukuru. Miaka mingi wasafiri wa Mwanza na Sengerema walingoja pantoni pale Kigongo na Busisi, wagonjwa pamoja na wazima. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, na mwendo wa saa nzima au zaidi ukawa wa dakika chache. Mtu akiwa juu yake huona maji pande zote, pengine moyo wake ukashtuka. Asiogope. Lakini sisi tuliolipokea tukumbuke wale wa Peru: daraja halimaliziki siku ya kufunguliwa. Siku ile ndipo kazi ya kulitunza huanza.

Maswali ya kujifunza

1. Kutisha na kuhatarisha vyatofautianaje? Toa mfano wa kila kimoja katika kijiji chako.
2. Kwa nini daraja la majani lilidumu, na daraja la chuma la Angers likakatika?
3. Adui watatu wa daraja ni nani? Ni yupi aliye na nguvu zaidi kwenu?
4. Mto ukijaa leo jioni, watoto wa kwenu walio ng'ambo watalala wapi?