Samaki Anayetweta Juu ya Maji

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ameiandikia safu hii barua ndefu kuhusu samaki wa dhahabu wa binti yake wa miaka 9. Walinunuliwa watatu, wakawekwa kwenye bakuli la kioo la lita 10 hivi, juu ya kabati la sebuleni. Haikupita wiki ya tatu vituko vikaanza. Kila kukicha walikutwa juu kabisa, midomo nje, wakitweta. Binti akaona wanaomba chakula, akawaongezea. Maji yalipogeuka meupe kama yaliyooshewa mchele, mama aliyamwaga yote, akalisugua bakuli kwa maji ya moto na kulijaza upya kutoka bombani. Papo hapo samaki wakaanza kwenda mbio huku na huku na kujisugua kwenye changarawe. Mmoja amekufa. Jirani anasema ni kijicho. Mtoto naye kila jioni anauliza kama ni yeye aliyemuua.

Bila kumvunjia jirani heshima, dalili zote hizi zinaelekeza kwenye maji. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huzalisha nyingine. Bwawani kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina makali kama hayo. Katika chombo kipya bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 hivi kuongezeka hadi watoshe. Kabla ya hapo amonia hupanda na kuyaunguza matamvua, na samaki aliyeungua matamvua hawezi kuvuta oksijeni vizuri hata ikiwepo.

Na kwa joto la Dar es Salaam oksijeni yenyewe ni haba. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 7 na nusu tu. Samaki wa dhahabu alitoka China, ambako amefugwa na kuchaguliwa kwa rangi zaidi ya miaka 1,000, na hustawi kwenye maji ya baridi kiasi. Bakuli la mviringo humzidishia taabu, kwani likijazwa hadi shingoni, eneo la maji linaloguswa na hewa huwa dogo. Mji wa Roma ulipiga marufuku mabakuli ya namna hiyo mwaka 2005.

Kule kujisugua kunahitaji kutazamwa kwa makini, maana wadudu wa ngozi nao husababisha hivyo hivyo. Samaki mwenye ugonjwa wa madoa meupe huonekana kama amenyunyiziwa chumvi mwilini na kwenye mapezi. Barua haitaji madoa yoyote, na inasema vurugu ilianza mara tu maji mapya yalipoingia. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni klorini ya maji ya bomba. Inamwasha samaki, inamchoma matamvua, na inaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kuzaliana. Yale maji ya moto nayo yalimaliza waliobaki ukutani mwa bakuli. Usafi wa kupindukia umewarudisha samaki mwanzo kabisa.

Basi leo hii mama apunguze maji hadi pale bakuli lilipo pana zaidi, aliondoe karibu na dirisha lenye jua, na kama uwezo upo anunue pampu ndogo ya hewa. Chakula kisimame kwa siku 2 au 3. Samaki wazima hawadhuriki kwa hilo. Kila siku abadilishe robo ya maji, asiyamwage yote, akitumia maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi saa 24 au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Dawa ndiyo ya uhakika zaidi, kwa sababu maji mengine hutibiwa kwa kloramini, ambayo haitoki upesi kwa kukaa wazi. Hukohuko aulizie vipimo vya maji: amonia na nitriti zinapaswa kusoma sifuri.

Lakini bakuli lenyewe halifai. Wafugaji wengi wazoefu huanza na lita 75 kwa samaki mmoja, na tangi la kioo la ukubwa huo ni ghali. Beseni pana la plastiki au pipa safi lenye chujio, likikaa kibarazani penye kivuli, litawafaa samaki kuliko kioo cha sebuleni.

Kuhusu mtoto, aambiwe ukweli: hakuua. Alimwona mnyama akihangaika na akampa alichokuwa nacho. Tena hakukosea kudhani kwamba samaki wanaweza kuomba, kwa maana samaki wa dhahabu hujifunza. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, waliwafundisha kuendesha kigari chenye tangi la maji kuelekea alama fulani ili wapate chakula. Afundishwe tu kutofautisha. Samaki anayeomba humjia mtu anaposogea, hucheza mapezi, kisha hushuka. Anayekosa hewa hubaki juu hata chumba kikiwa kitupu. Na akimkuta usiku ametulia karibu na chini, rangi imefifia, macho wazi, asiogope. Amelala; samaki huyu hana kope za kufumba.

Mama anauliza pia kama amnunulie mwingine wa kuziba pengo. Kwa sasa hapana. Asubiri hadi vipimo visome sifuri wiki kadhaa mfululizo, na hao wawili wawe wameacha kutweta.